Mkamwana Aliyenipa Mgongo Iringa

Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi amalize, ndipo nianze. Mimi si mtu wa kuokota hadithi barabarani. Nimepika kwenye meli ya Ziwa Nyasa miaka mingi, nimewapikia wazungu na makuli, nimeona wimbi likibeba sufuria na wali wake, na katika maisha yangu yote sijawahi kusema nimeona jini wala mzimu, ila mara hii moja tu. Na wala haikuwa usiku. Jua lilikuwa linawaka. Sikuwa nimekunywa, na sikuwa peke yangu. Sasa mtu akiniambia niliota, basi tuliota wawili, macho wazi, juu ya pikipiki inayonguruma.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Injini ya meli yetu iliharibika, tukatia nanga Mwaya, tukaambiwa spea inangojwa kutoka ng'ambo ya ziwa, kila mtu achukue likizo akapumzike. Wenzangu wakashangilia. Baharia akipewa likizo unajua tena anakoelekea. Nusu yao hawakuvuka hata vilabu vya pombe vya Kyela. Mimi nikafunga usipa wangu mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye gunia, nikapanda lori mpaka Tukuyu, nikashika basi Mbeya, nikaelekea Iringa. Waliniuliza, we mzee, unakwenda kufanya nini kwenye baridi ile? Nikawajibu nakwenda kutembea, kuona mji. Ningewaambiaje walevi wale kwamba nakwenda kumtafuta mtoto wa marehemu mwanangu?

Ndiyo, hilo ndilo lililonipeleka. Mwanangu Asajile alikuwa fundi msaidizi katika gereji ya singasinga mmoja pale Iringa. Masika ya mwaka ule walitoka na lori kulijaribu, likateleza kwenye tope, likamwangukia. Habari nilizipata Mwaya, kwa kinywa cha dereva mpita njia, na walishamzika. Nililia mbele ya jiko mpaka ugali ukaungua, na siku ile hakuna aliyeniuliza ugali uko wapi. Lakini dereva yule akaongeza neno: mke wa marehemu ni mjamzito, na siku zake zimekaribia.

Mke mwenyewe, Subilaga, ni binti wa kwetu, Mnyakyusa, tulimtolea ng'ombe kihalali. Nikangoja aletwe nyumbani. Kimya. Barabara zilikuwa zimekatika kwa mvua, nikajipa moyo kwamba zikikauka atakuja. Zikakauka. Wazazi wake wakatuma mtu kutuuliza, binti yetu mnaye? Nasi tulikuwa tumetuma mtu kwao kuuliza vivyo hivyo. Kila upande ulidhani yuko upande wa pili, kumbe hayuko kwa yeyote.

Sasa nyinyi wa siku hizi inabidi niwaeleze jambo, la sivyo tutapotezana njiani. Kwetu mke wa mwanao, mkamwana, hamwoni baba mkwe wake. Simaanishi hamtembelei. Namaanisha hamtazami usoni, haingii nyumba aliyomo, hasemi naye, na jina lake halitamki kamwe. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia akaingia majanini, akajifunika nguo kichwani, akachuchumaa na kumpa mzee mgongo mpaka apite. Si chuki, jamani. Ndiyo heshima yenyewe. Mzee naye huangalia pembeni akaharakisha. Subilaga alikaa kwetu mwaka mzima kabla ya kumfuata mumewe Iringa, na mimi uso wake sikuujua. Niamini. Niliujua mgongo wake tu, ukipotelea kwenye migomba, na namna alivyotembea akiinamia kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji.

Basi, Iringa nilifika asubuhi, baridi ya kukata masikio. Nikaenda moja kwa moja gereji. Yule singasinga alikuwa mtu wa huruma, alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwenye kaburi la mwanangu, akasimama kando na kilemba chake mpaka nilipomaliza kulia. Nikamwuliza habari za mjane. Akasema hajui, baada ya mazishi alirudi kwenye chumba walichopanga. Nikaenda kwenye chumba. Mama mwenye nyumba akanipokea vizuri, “Kamwene, baba,” akanipa kigoda. Lakini yeye naye alisema binti aliondoka alfajiri moja akiwa na kifurushi chake, akiwa peke yake, bila kuaga. “Tulidhani kaenda kupanda lori la kwenu,” alisema. Nikauliza sokoni, nikauliza kanisani, nikauliza mpaka kwa wauza kuni. Wapi! Mji una watu wengi, na mimi nitamtafutaje mtu nisiyemjua uso?

Alasiri nikajikuta nimekaa sokoni juu ya gunia langu la usipa, nimeishiwa nguvu. Basi la kurudi lilikuwa kesho yake. Nikasema moyoni, Asajile, nimeshindwa.

Hapo ndipo akaja Athumani. Msimsahau huyu, maana ndiye shahidi wangu. Alikuwa kijana mwenye mdomo mwepesi, mzaliwa wa Iringa lakini babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, Mwislamu safi, na alikuwa na chombo ambacho sijawahi kuona kingine mfano wake. Pikipiki la jeshi, kuukuu, lenye kigari kilichofungwa ubavuni na gurudumu lake la tatu. Alibebea watu mizigo ya sokoni, na wageni aliwazungusha mjini.

“Mzee, umekaa kama kuku aliyenyeshewa,” akaniambia. “Mgeni?”

“Mgeni. Mtu wa ziwani. Napika melini.”

“Ahaa, baharia! Basi panda meli yangu ya nchi kavu nikuzungushe mji. Usije ukarudi kwenu ukaulizwa Iringa ikoje ukabaki unakuna kichwa.”

“Sina pesa ya kuchezea, mwanangu.”

Akainama akanusa gunia. “Hiyo si usipa? Mke wangu ana kichanga, kila siku ananililia mchuzi wa samaki. Nipe kibaba kimoja, panda.”

Nikapanda. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Nilikuwa na msiba kifuani, na mtu mwenye msiba hachagui sana. Akiambiwa kaa anakaa, akiambiwa panda anapanda. Kigari kile kilikuwa chembamba kama mtumbwi, magoti yangu yalifika kidevuni. Athumani akapiga teke, chombo kikaunguruma, kuku wakatawanyika, tukaondoka.

Alinionyesha mji, bwana! Alinipitisha barabara ya maduka ya Wahindi, akanionyesha msikiti wenye saa, akanieleza nani kajenga nini, mengine nadhani alitunga papo hapo. Kisha tukafika kwenye boma la mawe alilojenga Mjerumani. Akazima injini ili anisimulie vizuri. Na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Mwanamke amesimama kando ya barabara, amevaa kaniki, nyingine kajitanda kichwani. Nilipogeuza shingo kumtazama, akaacha njia. Akaingia kwenye majani marefu, akachuchumaa, akatupa mgongo.

Athumani akacheka. “Mzee, umemfanya nini mama wa watu? Kakuona tu kajificha.”

Mimi sikucheka. Moyo ulinipiga. Lakini nikajikanya, nikajiambia, ee mzee, acha ujinga, wanawake wa kwetu wako wengi huku, kila mmoja ana mkwe wake, labda nafanana na mzee fulani. Nikamwambia Athumani twende.

Tukashika njia ya kupanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo Wahehe husema ni jiwe linalosema. Pikipiki lilikwenda mbio, upepo ukinitoa machozi. Tulipokata kona, huyo hapo. Mbele yetu. Kaniki ile ile. Akasikia mngurumo, akaingia majanini, akachuchumaa.

“Si yule yule?” Athumani akauliza, sauti imeshuka. “Katupita wapi?”

“Kuna njia ya mkato?”

“Mzee, mji huu nimezaliwa mimi. Njia ya mkato hapa ni kuruka.”

Tukapanda jiwe kwa miguu. Athumani akaanza kunionyesha mto kule bondeni, na milima, lakini maneno yake yalikuwa hayana chumvi tena, na wote wawili tulikuwa tunaangalia chini tulikoacha chombo. Mwanamke alikuwa amesimama pale pale kando ya kigari. Ametupa mgongo. Anangoja.

“Subiri hapa,” akasema Athumani. “Mimi si mzee, labda hatanikimbia. Nitamwuliza shida yake.”

Nikamwona anashuka. Nikamwona anafika. Yule mama hakumkimbia! Alimgeukia, akafunua nguo kichwani, wakasimama uso kwa uso kama mtu na nduguye. Mimi nikageuka haraka nikatazama milima, kwa mazoea tu, kabla hata ya kufikiri. Athumani akarudi juu anahema.

“Anasema tumfuate. Anasema, mwambie mzee aje, lakini asinikaribie, na mimi siwezi kumtazama.”

“Umemwuliza mimi ni nani kwake?”

“Nimemwuliza. Kasema, siwezi kusema. Jina lako nalo nimemwuliza. Kasema, siwezi kusema.”

Jamani. Nilikaa chini juu ya jiwe nikacheka na kulia pamoja. Nani mwingine duniani angejibu hivyo? Yu hai! Mkamwana wangu yu hai, na heshima yake haijapungua hata chembe. Nikamsimulia Athumani yote kwa pumzi moja, mwanangu, msiba, mimba. Naye akafurahi mpaka akanikumbatia.

“Basi mkimbilie, mzee! Si mtoto wako huyo?”

“Kwetu hairuhusiwi. Lakini ngoja. Umemwona mtoto? Kambeba mgongoni? Ana tumbo?”

Akafikiri. “Tumbo hana. Mtoto sijamwona.”

Furaha yangu ikatoboka. Nikasema, pengine kamwacha nyumbani na jirani. Twende, twende.

Tukamfuata. Nilimwamuru Athumani aende polepole, asimkaribie, nikamweleza kwamba tukimkaribia tutamwaibisha. Mwanamke alitembea mbele yetu, akiinamia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo, na moyo wangu ukawa unasema, ndiye, ndiye. Tukateremka mjini, tukaupita, tukashika barabara ya vumbi ya kutoka nje, upande linakozama jua. Nyumba zikaisha. Yakaanza mashamba ya mahindi, kisha mikaratusi. Na hapo ndipo Athumani alipoanza kunyamaza. Unajua mtu msemaji akinyamaza? Inatisha kuliko mbwa akibweka.

“Mzee,” akasema hatimaye, “angalia gia niliyotia.”

Mimi najua gia? Najua masufuria. Lakini nilitazama miti. Miti ilikuwa inapita mbio, kigari kinaruka mashimo, meno yananigongana. Tulikuwa tunakimbia, na yule mama alikuwa anatembea. Anatembea tu, taratibu, na nafasi kati yetu haikupungua. Sisi nyuma yetu vumbi kama moshi wa tanuri. Yeye miguuni mwake hakuna vumbi hata kidogo.

Athumani akaanza kusoma dua. “Turudi,” akasema.

“Mwanangu, ukirudi, nishushe nitembee.”

Hakurudi. Nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Aliendelea kusoma dua, na aliendelea kuendesha.

Jua lilikuwa linagusa milima tulipofika kwenye lango la misheni moja, jina naliacha, yenye hospitali ndogo ya wazazi. Yule mama alisimama karibu na lango. Hakuingia. Alizunguka ukuta, upande wa nje, akachuchumaa majanini, mgongo kwetu, na ukungu ukaanza kushuka. Nikageuza uso kama inavyopasa. Nikateremka nikapiga hodi.

Akatoka mama mkunga, Mhehe wa makamo, aliyevaa nguo nyeupe. Tukasalimiana kwa taratibu, maana kwa Wahehe huwezi kuanza na shida. Kisha nikamweleza. Natafuta mjane wa mwanangu, Mnyakyusa, anaitwa Subilaga, alikuwa mjamzito.

Mama yule akanivutia kigoda. Akasema, “Baba, keti kwanza.”

Nyinyi watu wazima mnajua. Ukiambiwa keti kwanza, umeshaambiwa.

Binti alikuja kwa miguu, mkunga akasema, uchungu umemshika njiani, mvua inanyesha. Alijifungua mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikukata. Waliihangaikia siku mbili, ikawashinda. Walimzika hapo hapo misheni wiki kadhaa zilizopita, nje ya ukuta, kwenye makaburi ya wasio na ndugu.

“Wasio na ndugu!” nikapiga kelele. “Ana ndugu tele! Hamkumwuliza?”

“Tulimwuliza, baba. Usiku na mchana. Alisema mume amekufa. Tukamwuliza wazazi wake, akasema mtoto si wao, ni wa waliotoa ng'ombe. Tukamwuliza ndugu wa mume ni nani, akasema baba yake yupo, anafanya kazi kwenye maji. Anaitwa nani? Akajifunika uso. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, binti, unakufa, mtoto huyu tumpe nani, nitajie jina tu. Alikuwa analia machozi, anafungua mdomo, halafu anaufunga. Nilidhani katoroka kwao. Nilidhani ana la kuficha. Mimi nilijua wapi mila zenu?”

Sikia hilo. Jina. Jina langu mimi, ambalo makuli walikuwa wakilipayuka kutwa melini wakitaka ukoko. Alikuwa nalo ulimini, lingemrudishia mtoto wake nyumbani, na hakulitoa, kwa sababu alifundishwa vizuri. Tulimfundisha sisi.

“Na mtoto?” nikauliza.

“Yupo. Lakini kesho asubuhi anachukuliwa na gari kupelekwa kwenye nyumba ya yatima, mbali sana, huko kaskazini. Ungekuja kesho usingemkuta.” Kisha akakunja mikono. “Na wewe, baba, usinielewe vibaya. Sikujui. Siwezi kumpa mtoto kila mzee anayepiga hodi jioni. Ni nani aliyekuambia uje hapa?”

Nikamwangalia Athumani. Alikuwa ameegemea mlango, uso kama majivu.

“Yeye mwenyewe ametuleta,” akasema. “Mama wa mtoto. Tangu bomani.”

Mkunga akakasirika. Akasema hapa si mahali pa mzaha, na marehemu anaheshimiwa. Athumani akamwambia, mama, ngoja. Mimi nimemwona uso. Huyu mzee hakumwona, kwao ni mwiko, lakini mimi nimesema naye nikiwa karibu kama nilivyo na wewe. Akaanza kueleza. Uso wa mviringo. Mwanya wa meno ya juu. Kovu dogo hapa, kwenye nyusi. Na mimi nilikuwa nasikiliza kama mtoto, maana ndiyo mara ya kwanza maishani naambiwa mkamwana wangu anafananaje.

“Kama ulimwona mjini kabla hajafa utayajua hayo,” mkunga akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

“Na alikuwa anaumwa jino,” akasema Athumani.

“Jino?”

“Alikuwa amefunga kitambaa, kinapita chini ya kidevu, kimefungwa juu utosini. Rangi ya buluu, kina maua meupe, kimechanwa upande mmoja. Alikuwa anasema bila kufungua mdomo. Nilidhani jino.”

Mama yule alikaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu. Wote tunajua maiti hufungwa taya kwa nini. Baadaye akatuambia kwamba hospitali ilikuwa haina bandeji kavu siku ile, akachana kilemba chake mwenyewe, cha buluu, chenye maua meupe, akamfunga nacho. Alikuwa peke yake chumbani. Kilichobaki alienda akakileta, akatuonyesha, na Athumani akaanza tena kusoma dua.

Tukaenda wote watatu nyuma ya ukuta. Palikuwa na ukungu tu, na tuta dogo la udongo mwekundu pale pale alipochuchumaa, na msalaba wa mti. Majani yanayolizunguka yalikuwa yamelala, kama vile mtu amekaa juu yake sasa hivi. Mimi niliona hayo kwa jicho la pembeni tu. Nilisimama nimelipa kaburi mgongo, nikamwambia kwa Kinyakyusa, mwanangu, nimekuja, nimemkuta, nenda kapumzike.

Mtoto nikapewa usiku ule ule, mkunga mwenyewe alikwenda kuniombea kwa wakubwa wake. Nilimpakata kwenye kigari, nimemfunika kwa koti langu la melini linalonuka samaki, Athumani anaendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Mke wa Athumani alimpokea mlangoni, hakuuliza swali hata moja, akamweka kwenye titi la pili, kichanga chake kwenye la kwanza. Akamnyonyesha mpaka mke wangu alipokuja kumchukua. Kwa hiyo mjukuu wangu ana kaka wa kunyonya Iringa, Mwislamu, na mpaka leo wanaitana ndugu.

Athumani hakuendesha tena lile pikipiki. Aliliuza kwa chuma chakavu, akafungua duka la nazi na chumvi. Nilimwuliza mara nyingi, nieleze tena alivyokuwa. Alinieleza kila mara bila kuchoka, mpaka siku moja akaniambia, mzee, sikuambii tena, maana naona nimeanza kusahau, na sitaki kukudanganya. Nikamwelewa. Iliniuma sana.

Mtoto tulimpa jina la mama yake. Sasa ni mtu mzima na ana wanawe. Watu wa kwetu walioijua sura ya Subilaga husema wamefanana, wengine husema hapana, amechukua kwetu. Mimi sina la kusema, nitajuaje? Na hilo, wenzangu, ndilo linaloniliza uzeeni. Ninaye mwanamke aliyenipenda na kuniheshimu mpaka akatoka kaburini mchana kweupe kunikabidhi damu yangu, na nikikutana naye mbinguni, nitapishana naye.

Niliporudi nyumbani kutoka melini, niliwakusanya wana wangu waliobaki na wake zao. Nikasema, mimi huku chumbani, nyinyi kule nje, ukuta katikati, lakini nataka kila mmoja alitamke jina langu nilisikie. Wake zao wakalia kwa aibu. Wazee wakanuna, wakaniambia maji ya ziwa yamenilevya, nimevunja heshima ya ukoo. Mmoja tu, mke wa mwanangu wa mwisho, ndiye aliyelitaja, kwa sauti ya chini, halafu akakimbia. Nilimchinjia jogoo.

Kila nikipata nauli nakwenda Iringa. Mkunga alishakufa, misheni wamepanua, lakini tuta lipo, nimelijengea mawe. Nakaa hapo nimelipa mgongo, uso kwenye shamba la mahindi, namsimulia habari za binti yake na wajukuu. Watu hupita wakaona mzee anaongea na mahindi. Waone tu. Mara moja nilisikia majani nyuma yangu yakichakarika, kama mtu anayeinuka baada ya kuchuchumaa muda mrefu. Sikugeuka. Nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, lakini sikugeuka.

Basi wewe mwenye mkamwana, wa kabila lolote, heshima iwepo, sikatai. Lakini mtume mkeo akamwambie: siku ya shida, jina la mzee ni hili, litaje. Litaje hospitali, litaje polisi, litaje barabarani kwa mtu usiyemjua. Usingoje kuja kuambiwa na mkunga. Langu mimi ni jina rahisi tu, mtoto wa miaka miwili analisema, na binti wa watu alikufa akiwa amelifumba mdomoni.